Waasisi wa Kompyuta na Jinsi Wanavyoenziwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa wanafunzi, walimu na wasomaji wanaorudi nayo kila mara. Yanaanza na mambo ya msingi na kuishia kwenye yale ambayo hata wataalamu huvutana. Pale ambapo jibu moja linategemea jingine, msomaji ameelekezwa huko badala ya kurudiwa maelezo yale yale.

## Mambo ya msingi

Nani hasa aliyebuni kompyuta?

Hakuna mtu mmoja, na kila anayekupa jina moja bila kusita ama anaipendelea nchi yake ama ameacha sehemu kubwa ya habari. Kompyuta tunayoitumia leo imekusanya mawazo kadhaa ambayo kila moja lilikuwa na wenyewe: kwamba mashine inaweza kufuata mfululizo wa maagizo, kwamba umeme unaweza kufanya kazi ya magurudumu ya meno, kwamba maagizo yenyewe yanaweza kukaa ndani ya kumbukumbu pamoja na tarakimu zinazokokotolewa, na kwamba binadamu anaweza kuiandikia mashine kwa maneno yanayosomeka. Waliofanya kazi hizo mara nyingi hawakujuana. Mwaka 1941 Konrad Zuse alikuwa Berlin akikamilisha mashine yake ya Z3, huku John Atanasoff na mwanafunzi wake Clifford Berry wakihangaika na yao katika chuo kimoja cha jimbo la Iowa, Marekani, na vita vilikuwa vimefunga njia zote za habari kati yao.

Kwa hiyo tunaposema mwasisi tuna maana ya mtu aliyefanya jambo ambalo waliomfuata hawakuweza kulikwepa.

Basi kompyuta ya kwanza duniani ilikuwa ipi?

Jibu linategemea neno unaloliweka baada ya "kompyuta". Ukisema inayofuata programu na inayojiendesha yenyewe, Z3 ya Zuse ya Mei 1941 ina haki hiyo, ingawa ilitumia relei za simu (swichi zinazoendeshwa na sumaku ya umeme) badala ya vali (mirija ya kioo inayopitisha au kuzuia umeme), na ikateketezwa na mabomu mwaka 1943. Ukisema ya kielektroniki, mashine ya Atanasoff na Berry ilitangulia, lakini ilifanya kazi ya aina moja tu, yaani kutatua milinganyo. Colossus ya Uingereza, iliyoanza kazi mapema mwaka 1944, ilikuwa ya kielektroniki na ilipangwa kwa swichi, lakini ililenga kuvunja maandishi ya siri ya Wajerumani. ENIAC ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, iliyoonyeshwa hadharani Februari 1946 ikiwa na vali zinazokaribia 18,000 na uzito wa tani 30 hivi, iliweza kazi za kila aina, ila kuibadilishia kazi kulimaanisha kuchomoa na kuchomeka nyaya kwa siku kadhaa.

Nikibanwa nichague moja, nitachagua ile ndogo ya Manchester iliyopewa jina la utani la Baby. Tarehe 21 Juni 1948, Freddie Williams, Tom Kilburn na Geoff Tootill waliifanya iendeshe programu iliyokuwa imehifadhiwa ndani ya kumbukumbu yake ya kielektroniki. Programu hiyo ilikuwa na maagizo 17 tu. Kazi yake ilikuwa kutafuta kigawo kikubwa kuliko vyote cha namba 262,144, ukiiacha namba yenyewe, na iliitafuta kwa njia ya kijinga kabisa, kwa kujaribu namba moja baada ya nyingine ikishuka. Ilichukua dakika 52 kufikia 131,072. Mtoto wa darasa la nne angegawa kwa mbili akamaliza, lakini nia haikuwa jibu. Walitaka kuona kama mashine ingefanya hatua zaidi ya milioni tatu mfululizo bila kukosea, na haikukosea. Simu iliyo mfukoni mwako inafanya kazi kwa mpango ule ule: maagizo na data katika kumbukumbu moja.

Ni kweli kwamba zamani kompyuta alikuwa mtu?

Ni kweli. Katika Kiingereza neno hilo lilimtaja mfanyakazi wa kukokotoa hesabu karne nyingi kabla halijahamia kwenye mashine. Sisi tumelipokea likiwa tayari limeshakuwa jina la chombo, na hata maneno tuliyojaribu kuyaunda, tarakilishi na ngamizi, yanataja chombo tu; ndiyo maana msomaji wa Kiswahili hushangaa akisoma kwamba fulani "aliajiriwa kuwa kompyuta". Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanawake wengi wa Marekani wenye shahada za hisabati waliajiriwa kwa cheo hicho kutayarisha majedwali ya mizinga. Njia ya kombora moja ilimchukua mkokotoaji saa zipatazo 30 kwa mashine ya mezani. ENIAC ilijengwa ili kuzipunguza saa hizo, na ilizifanya kuwa kama nusu dakika.

Charles Babbage anaitwa baba wa kompyuta. Je, aliwahi kuikamilisha mashine yake?

Hapana. Serikali ya Uingereza ilitumia zaidi ya pauni 17,000 kwa mashine yake ya kwanza, ujenzi ukasimama mwaka 1833 baada ya kugombana na fundi wake mkuu, na mwaka 1842 serikali ikajitoa rasmi. Mashine yake kubwa zaidi, ile ambayo ingefuata maagizo kutoka kwenye kadi zilizotobolewa, ilibaki kwenye michoro. Alifariki mwaka 1871.

Hata hivyo, yeye amepata heshima ambayo wachache wameipata: watu walikwenda kuhakikisha kama alikuwa sahihi. Jumba la Makumbusho ya Sayansi la London lilichukua michoro ya mashine yake ya pili ya kukokotoa tofauti, likatengeneza vipuri kwa usahihi usiozidi ule wa mafundi wa zama zake, na mwaka 1991, miaka 200 tangu azaliwe, sehemu ya kukokotoa ikafanya kazi. Ukizungusha mkono wake wa chuma utaona safu za magurudumu ya shaba zikigeuka kwa wimbi, moja ikiisukuma nyingine. Sehemu ya kuchapisha ilimalizika mwaka 2002.

Ada Lovelace alikuwa kweli mtu wa kwanza kuandika programu?

Wanaobisha wana hoja, na wanaokubali wana hoja nzuri zaidi. Mwaka 1843 Ada alitafsiri kutoka Kifaransa makala ya Luigi Menabrea kuhusu mashine kubwa ya Babbage, akaongeza maelezo saba yaliyopewa herufi A hadi G, ambayo kwa pamoja yaliizidi makala yenyewe mara tatu hivi. Alitia sahihi ya herufi tatu tu, A.A.L. Katika maelezo ya G kuna jedwali linaloonyesha hatua kwa hatua jinsi mashine ingekokotoa namba za Bernoulli, mfululizo maalumu wa namba katika hisabati, na hilo ndilo linaloitwa programu ya kwanza kuchapishwa. Wabishi husema Babbage alikuwa ameshaandika mifululizo ya namna hiyo miaka kadhaa kabla katika karatasi zake, na ni kweli, ila hakuichapisha.

Kwa maoni yangu ubishi huo unapita pembeni ya mchango wake mkubwa. Ada ndiye aliyeona kwamba mashine inayoshughulikia alama haifungwi na tarakimu, na kwamba sauti za muziki zikiweza kuelezwa kwa kanuni, mashine ingeweza kutunga muziki. Babbage hakuliandika hilo. Ada alifariki mwaka 1852 akiwa na umri wa miaka 36.

## Tuzo na vyeo

Ni tuzo zipi zinazotolewa kwa waasisi?

Inayotajwa zaidi ni Tuzo ya Turing, yenye jina la Alan Turing, mwanahisabati wa Uingereza aliyeweka msingi wa nadharia ya kompyuta, inayotolewa tangu mwaka 1966 na chama cha kimataifa cha wanataaluma wa kompyuta, ACM. Wa kwanza kuipokea alikuwa Alan Perlis. Mwanamke wa kwanza, Frances Allen, aliipata mwaka 2006, yaani baada ya miaka 40. Tangu mwaka 2014 inaambatana na dola milioni 1 za Marekani. Makumbusho ya Historia ya Kompyuta iliyopo Mountain View, California, nayo huwatunuku watu cheo cha heshima, na wa kwanza alikuwa Grace Hopper mwaka 1987.

Kwa wale wa mwanzo kabisa ipo nishani ya mwasisi wa kompyuta iliyoanzishwa mwaka 1981 na jumuiya ya kompyuta ya IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme na elektroniki. Sharti lake linafaa kujulikana: mchango uwe umefanyika angalau miaka 15 iliyopita. Sharti hilo linawaondoa wale ambao kelele zao zimezidi kazi yao, kwa sababu miaka 15 katika fani hii inatosha kuonyesha kilichodumu. Nishani hiyo sasa ina jina la wanawake wa ENIAC, na sababu yake imeelezwa katika sehemu inayofuata.

Kwa nini hakuna Nobel ya kompyuta?

Alfred Nobel aliandika wosia wake mwaka 1895, na fani hii haikuwepo. Baadhi ya watu wake wameingia kwa mlango wa fizikia: William Shockley, John Bardeen na Walter Brattain mwaka 1956 kwa transista, kipande kidogo kilichochukua nafasi ya vali, na Jack Kilby mwaka 2000 kwa saketi unganishi, ile inayoweka vipande vyote juu ya kibapa kimoja. Robert Noyce, aliyefikia wazo kama la Kilby kwa njia yake mwenyewe, na ambaye njia yake ndiyo iliyorahisisha utengenezaji viwandani, alifariki mwaka 1990. Nobel hawapewi marehemu.

Je, mtu anaweza kutunukiwa baada ya kufa?

Kwa baadhi ya nishani, ndiyo. Grace Hopper, aliyetengeneza mwaka 1952 mojawapo ya kompaila za mwanzo kabisa, yaani programu zinazoigeuzia mashine maandishi ya binadamu kuwa maagizo yake, na ambaye kazi yake ilizaa lugha ya kuandikia programu ya COBOL, alifariki tarehe 1 Januari 1992; nishani ya juu ya raia wa Marekani alipewa mwaka 2016. Siku hiyo hiyo aliipokea Margaret Hamilton, aliyeongoza uandishi wa programu za chombo cha Apollo kilichopeleka watu mwezini, akiwa hai na amesimama kwa miguu yake. Tofauti ya heshima hizo mbili katika hafla moja inajieleza.

## Waliochelewa kutambuliwa

Wanawake wa ENIAC walikuwa akina nani, na kwa nini walisahauliwa?

Walikuwa sita: Kathleen McNulty, Betty Jennings aliyekuja kujulikana kama Jean Bartik, Betty Snyder aliyekuwa baadaye Betty Holberton, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Walitoka katika kundi la wakokotoaji lililotajwa hapo juu. Kwa kuwa ENIAC haikuwa na kitabu cha maelekezo wala lugha ya kuiandikia, walipewa michoro ya nyaya wakajifunza wenyewe, wakiwauliza wahandisi na kuchora mtiririko wa kazi kwenye karatasi, hata wakajua vali ipi imekufa kwa kuangalia jibu lililokosewa. Hesabu ya njia ya kombora iliyowashangaza waandishi wa habari mwaka 1946 ilipangwa na Jennings na Snyder. Usiku ule kulikuwa na karamu ya kusherehekea, na hawakualikwa.

Walisahauliwa kwa sababu mbili. Kwanza, wakati ule kutengeneza chuma kulihesabiwa kuwa ndiyo kazi, na kukipanga kulihesabiwa kuwa ukarani. Pili, picha zao zilibaki lakini majina hayakuandikwa chini yake. Katika miaka ya 1980 mtafiti Kathy Kleiman, akiwa bado mwanafunzi, aliuliza wanawake wale wa pichani ni nani, akajibiwa kwamba walikuwa wanamitindo waliosimamishwa kupendezesha mashine, kama wale wa matangazo ya majokofu. Hakuridhika, akawatafuta. Mwaka 1997 wote sita waliingizwa katika orodha ya heshima ya wanawake wa teknolojia.

Tommy Flowers alifanya nini, na mbona jina lake halivumi kama la Turing?

Flowers alikuwa mhandisi wa simu katika idara ya posta ya Uingereza, na ndiye aliyejenga Colossus. Wataalamu wengi walimwambia mashine yenye vali zaidi ya elfu moja haitadumu hata saa chache kabla ya moja kuungua. Yeye alijua kutokana na mitambo ya simu kwamba vali huungua hasa zinapowashwa na kuzimwa. Ukiziacha zikiwaka, hudumu. Timu yake ilimaliza kwa miezi 11 hivi, na hadi vita vinakwisha kulikuwa na Colossus 10 zikifanya kazi Bletchley Park, kituo cha Uingereza cha kuvunja maandishi ya siri.

Baada ya vita mashine nyingi zilivunjwa, na Flowers aliamriwa kuchoma michoro yake katika tanuri. Alipewa zawadi ya pauni 1,000, ambayo haikufikia fedha alizotoa mfukoni mwake. Alipokwenda kuomba mkopo wa kujenga mashine ya namna hiyo alikataliwa, kwa kuwa waliomsikiliza hawakuamini kwamba ingeweza kufanya kazi, naye kwa kiapo cha siri hakuweza kuwaambia kwamba alishaijenga. Siri ilianza kulegezwa miaka ya 1970. Nakala ya Colossus, iliyojengwa upya na kundi la Tony Sale kwa kutumia picha chache na kumbukumbu za mafundi wazee, ilikamilika mwaka 2007. Flowers alikuwa amefariki mwaka 1998.

Nani alishinda, Atanasoff au waliojenga ENIAC?

Mahakamani, Atanasoff. Tarehe 19 Oktoba 1973 Jaji Earl Larson alibatilisha hataza ya ENIAC, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi wake, akisema John Mauchly alichukua wazo la msingi kutoka kwa Atanasoff, ambaye Mauchly alikwenda kumtembelea Iowa mwaka 1941. Bulgaria, nchi ya baba yake Atanasoff, ilikuwa imeshamtunuku mwaka 1970. Marekani ilimpa nishani ya taifa ya teknolojia mwaka 1990. Hukumu hiyo ilihusu hataza na si historia nzima. Mauchly na J. Presper Eckert walijenga mashine iliyofanya kazi kwa miaka, ilhali ile ya Iowa iliachwa na kuvunjwa. Unaweza kuwaenzi wote wanne bila kujipinga, Berry akiwemo, ambaye mara nyingi huachwa nje.

Alan Turing aliombwa radhi lini, na kwa lipi?

Mwaka 1952 Turing alitiwa hatiani kwa uhusiano na mwanaume mwenzake, jambo lililokuwa kosa la jinai Uingereza, akachagua kutiwa homoni badala ya kufungwa, na kibali chake cha kazi za siri kikaondolewa. Alifariki tarehe 7 Juni 1954, hajatimiza miaka 42. Waziri Mkuu Gordon Brown aliomba radhi kwa niaba ya serikali Septemba 2009, na msamaha wa kifalme ukatolewa Desemba 2013. Wengi waliuliza kwa nini asamehewe yeye peke yake kwa sababu ni mashuhuri, wakati maelfu walihukumiwa kwa sheria ile ile. Walikuwa na haki ya kuuliza. Sheria ya mwaka 2017 ndiyo iliyowafikia wengine.

Sura yake ipo kwenye noti ya pauni 50 iliyotolewa tarehe 23 Juni 2021, siku yake ya kuzaliwa. Ukiitazama kwa makini utaona utepe wenye sifuri na moja: ni tarehe aliyozaliwa, 23061912, kwa mfumo wa namba mbili.

## Maswali ya pembeni na yenye utata

Je, kwa Kiingereza hitilafu ya programu inaitwa "mdudu" (bug) kwa sababu ya Grace Hopper?

Hapana, ingawa mdudu yupo. Tarehe 9 Septemba 1947, mafundi wa mashine ya Mark II ya Harvard walimkuta nondo amenaswa ndani ya relei, wakambandika kwa utepe kwenye daftari la kazi na kuandika kwamba hicho ndicho kisa cha kwanza halisi cha mdudu kupatikana. Mzaha huo unaonyesha kwamba neno lilikuwa likitumika tayari. Thomas Edison alilitumia tangu mwaka 1878. Hopper alipenda kukisimulia kisa hiki, na msimuliaji akageuzwa mtendaji. Daftari lipo Washington katika makumbusho ya taifa, na nondo bado yupo.

Nembo ya kampuni ya Apple, tufaha lililomegwa, ni kumbukumbu ya Turing?

Si kweli. Mchoraji wake, Rob Janoff, ameeleza kwamba alilimega ili lisidhaniwe kuwa cheri. Kuhusu tufaha lililokutwa kando ya kitanda cha Turing alipofariki kwa sumu, halikupimwa kamwe kama lilikuwa na sumu.

Tufanyeje na mwasisi aliyekuwa na mwenendo mbaya?

Shockley ndiye mfano wa wazi: baada ya Nobel alitumia miaka mingi kueneza madai kwamba watu weusi wana akili ndogo kwa kuzaliwa. Transista haiwezi kuondolewa historia, wala haimilikiwi na yeye peke yake, kwa kuwa Bardeen na Brattain ndio waliofanya jaribio la kwanza mwaka 1947. Mimi naona mtu wa namna hiyo atajwe darasani kwa yote mawili, kazi na maneno yake, lakini jina lake lisipewe jengo. Kueleza na kusifu ni kazi mbili tofauti.

Afrika Mashariki ina nafasi yoyote katika historia hii?

Ipo, ingawa haisimuliwi sana. Tarehe 20 Februari 1962 mwanaanga wa Marekani John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, moja ya vituo vilivyozungumza na chombo chake kilikuwa Zanzibar. Hesabu za safari hiyo zilifanywa na kompyuta za IBM, na Glenn aliomba zihakikiwe kwa mkono na Katherine Johnson, mkokotoaji wa NASA, shirika la anga la Marekani, kabla hajapanda. Kituo cha Zanzibar kilifungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Kwa upande wa Tanzania Bara, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974. Miaka 30 baadaye, mwaka 2004, mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizofanywa Kiswahili kuanzia menyu hadi ujumbe wa makosa.

Tunataka kuchora waasisi kwenye ukuta wa maabara ya shule. Tuanzie wapi?

Anzeni na majina machache, na chini ya kila jina andikeni kitendo na mwaka badala ya sifa. "Baba wa kompyuta" halimfundishi mwanafunzi kitu. "Alipanga hesabu ya kombora kwenye ENIAC, 1946" linamfundisha. Kazi iliyofanywa na watatu iandikwe majina matatu, na kila picha iwe na jina chini yake, kwa sababu iliyoelezwa kuhusu wanawake wa ENIAC. Acheni pia nafasi tupu. Wapo wazee walio hai waliotoboa kadi na kuhudumia mashine za awali katika ofisi za Nairobi na Dar es Salaam. Mwanafunzi mwenye simu ya kurekodi anaweza kwenda kwa mmoja wao Jumamosi na kumwuliza kadi ilishikwaje, ilipokosewa ilirekebishwaje, na ni nani mwingine aliyekaa meza ya pili.